Muhtasari wa Kikao Kisichofanyika

Niliwahi kuandika muhtasari wa kikao kisichofanyika. Nilikuwa katibu wa umoja wa wazazi na walimu katika shule ya msingi ya kutwa walikosoma wanangu, pembeni mwa mji wa Morogoro. Niliuandika usiku nyumbani kwangu, nikaorodhesha waliohudhuria na waliotoa udhuru, nikaweka hadi yatokanayo na mengineyo. Asubuhi mwenyekiti akausaini bila kuusoma. Muhtasari huo ulisema wazazi wameafiki mchango wa chakula upandishwe. Hakuna mzazi aliyeafiki lolote, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Sisemi mwenyekiti wetu alikuwa mwizi. Sina ushahidi huo. Kazi ilimshinda. Vikao hakuitisha, maamuzi aliyafanya peke yake kwa simu, na fedha za uji alizipokea popote alipokutana na mzazi, pengine bila stakabadhi. Ukimuuliza, anauliza kama unamwona yeye mtoto. Lakini mtaani alikuwa mtu mzima wa kutegemewa, msiba wowote anausimamia yeye, na mke wangu alipozidiwa usiku ni yeye aliyetutafutia gari la kwenda hospitali. Nilijiambia kwamba kumfunika ni kulipa fadhila. Leo naona kwamba deni lilikuwa langu, na niliwalipisha watoto wa watu.

Asiyefahamu mambo ya shule anaweza kuuliza, karatasi moja ina madhara gani? Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na si yote iliyofika shuleni. Chakula hakikuwamo humo. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi, pamoja na sare na madaftari. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, walimu wakaogopa kugusa hata shilingi ya mzazi. Kwa hiyo uji wa saa nne ulitegemea wazazi kukaa, kukubaliana na kuaminiana, na ushahidi kwamba wamekaa ni muhtasari. Mimi niliughushi.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Mwenyekiti huyo nilimsema sana. Nilimsema kwa mwalimu mkuu, nilimsema kijiweni, nilimsema kwa mke wangu mpaka akachoka kunisikiliza. Mbele yake sikufungua mdomo.

Hatimaye mkutano wa wazazi uliitishwa. Mama mmoja mwenye mtoto darasa la tatu alisimama akaomba mambo mawili: asomewe mapato na matumizi, na aelezwe ni kikao gani kilichopandisha mchango, maana yeye hajawahi kuitwa. Aliuliza kwa adabu kabisa. Mwenyekiti akanigeukia: "Katibu, msomee." Nikasimama nikausoma muhtasari wangu wa uongo, kisha nikaongeza kwa hiari yangu kwamba wazazi wasiohudhuria vikao wasije baadaye kuvuruga maendeleo ya shule. Watu wakamgunia yule mama. Akaketi.

Baada ya siku ile michango ilikauka. Mpishi hakulipwa, akaacha kazi, na sufuria zikafungiwa stoo. Wanangu waliondoka nyumbani wamekunywa chai. Wapo waliotoka bila kitu na kukaa hivyo mpaka mchana, na walimu waliniambia wazi kwamba baadhi yao hulala darasani.

Nilimfuata yule mama nyumbani kwake nikamwomba radhi. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, mimi nimekusikia. Ila uliniaibisha mbele ya watu, na radhi unaniomba uani kwangu."

Mkutano uliofuata, tulipofika kwenye kuthibitisha muhtasari, nilisimama nikasema kwamba ule wa awali ni wa uongo na niliutunga mimi. Nikamtaja yule mama, nikasema aliuliza haki yake nami nikamdhalilisha. Mwenyekiti alitoka nje bila neno, na tangu hapo tukikutana hanisalimu. Niliacha ukatibu siku hiyohiyo. Wazazi walichagua viongozi wapya na kukubaliana kwamba mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi. Michango ilianza kuletwa tena, taratibu, kwanza na wale wale wachache waliokuwa wa mwisho kuacha.

Yule mama alipendekezwa kuwa mweka hazina, na mikono mingi ikanyooshwa. Alikataa. Alipoulizwa sababu, alinitaja mimi, mbele ya wote.