Dawa nyeupe iliyokuwa ikiniibia damu

Kiungulia cha mimba, msomaji mpendwa, hakisimuliki. Kama umewahi kubeba mtoto tumboni unajua ninachosema, na kama wewe ni mwanamume, basi muulize mkeo leo hii mkishamaliza chakula. Ni moto unaoanzia chembe ya moyo, ukapanda kifua kizima, na ukifika kooni unakuachia uchachu ambao hata maji hayauondoi. Ukilala unazidi. Ukiinama kuokota kiatu unazidi.

Mimi kilinishika mwaka wa 2022, mimba ikiwa ya miezi mitano. Tulikuwa tukikaa Shelly Beach, upande wa Likoni, nyumba moja na mama mkwe wangu. Kila siku ya kazi nilikuwa nikivuka feri kwenda kisiwani asubuhi na kurudi jioni, na jioni hiyo ndiyo iliyoniponza, kwani pale kivukoni kuna viazi karai na ukwaju wa pilipili, na mja mzito mwenye njaa hana subira. Nilikuwa nikivila nimesimama, tena kwa haraka. Kufika nyumbani, kifua kinawaka.

"Mwanangu, huyo mtoto ana nywele," mama mkwe akaniambia usiku mmoja aliponikuta nimeketi kitandani saa nane, mito mitatu mgongoni. "Nywele ndizo zinazokuchoma."

Mimi niliyesomea uandishi wa habari chuoni na kufundishwa kutoamini jambo bila ushahidi, nilicheka kimoyomoyo. Kesho yake nikapita duka la dawa nikaomba kitu cha kiungulia. Kijana wa pale alinyoosha mkono rafuni akanipa chupa ya dawa ya maji, nyeupe kama maziwa, yenye ladha ya mnanaa. Hakuniuliza kama nina mimba, ingawa tumbo lilikuwa limeanza kujitangaza lenyewe. Hakuniuliza ninatumia dawa gani nyingine. Nami sikuuliza kitu. Nililipa nikaondoka.

Dawa ile ilinipenda nami nikaipenda. Mafunda mawili tu na moto unazimika. Nikaanza kutembea nayo mkobani. Kijiko cha nini? Nilikuwa nikifungua kifuniko na kupiga funda kutoka mdomo wa chupa. Siku moja ndani ya feri mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami, na beseni lake la samaki, alinitazama weee, kisha akasema, "Dada, hayo maziwa matamu eeh?" Tulicheka sote wawili. Kumbe yule mama alikuwa amesema neno ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kujiambia. Nilikuwa nikiinywa dawa kama maziwa.

Sasa, kila mja mzito anayehudhuria kliniki hapa kwetu Kenya hupewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na foliki asidi, ameze kimoja kila siku. Wengi wetu tunavichukia vidonge hivi. Vinaleta kichefuchefu, vinafunga choo, na choo chenyewe kinakuwa cheusi hata mtu ashtuke. Mimi sikuvitupa kama baadhi ya marafiki zangu walivyokiri kuvitupa. Nilipata ujanja. Kila usiku nilikiweka kidonge ulimini, nikakisukuma kwa funda la dawa nyeupe. Kilishuka kwa ulaini, bila kichefuchefu wala kiungulia. Nilijiona mwerevu kweli kweli.

Katika ziara yangu ya kwanza kliniki kipimo cha damu kilikuwa 10.8. Mama mwenye mimba hutarajiwa kuwa na 11 au zaidi, kwa hivyo sikuwa mbali. Miezi miwili na nusu baadaye nikapimwa tena: 9.1.

Muuguzi aliyenihudumia siku hiyo alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Alitazama kitabu changu, akanitazama mimi.

"Mama, hivi vidonge unavimeza ama unavitupa?"

"Navimeza, sista. Haki ya Mungu navimeza kila usiku."

Niliudhika, sitaficha. Hakuna jambo linalochoma kama kushukiwa uongo nawe umetimiza. Akanipima malaria, ugonjwa ambao huku Pwani haumkosei mja mzito adabu. Hapakuwa na malaria. Dawa ya minyoo nilikuwa nimeshapewa. Akanyamaza kidogo akigongagonga kalamu mezani, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nalikumbuka.

"Unavimeza na nini?"

Nikatoa chupa mkobani nikamwonyesha, tena kwa fahari. Aliishika, akaisoma nyuma, akacheka kicheko cha mtu aliyepata mwizi wake. "Basi mama," akasema, "wewe unameza chuma halafu unakitoa chote."

Alinieleza, nami nilipofika nyumbani nikasoma zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Tumbo la binadamu lina tindikali kali inayosaga chakula na kuua vijidudu. Wakati wa mimba homoni hulegeza ule mlango ulio kati ya umio na tumbo, na mtoto anapokua analisukuma tumbo juu, ndiyo sababu tindikali inapanda kifuani. Dawa nyeupe ni unga wa alumini na magnesi ulioelea majini. Unga huo hukutana na tindikali na kuipoza, na hiyo ndiyo kazi yake halali. Lakini madini ya chuma yanahitaji tindikali hiyo hiyo ili yayeyuke na kuingia mwilini. Juu ya hayo, unga wenyewe hushikamana na chuma, vikaandamana vyote viwili hadi chooni. Nilikuwa nimemfungia mlango mgeni niliyemwalika mwenyewe.

Si chuma peke yake. Dawa nyeupe inashikamana na dawa nyingi: doksisaiklini, siprofloksasini, na hata dawa ya tezi ya shingo wanayotumia baadhi ya kina mama. Unameza dozi yako yote, unamaliza, na ugonjwa haushtuki. Kwa dawa nyingi kanuni ni kuziachanisha kwa muda wa saa mbili au zaidi. Wanaotumia dolutegravir, ambayo ndiyo nguzo ya matibabu ya virusi vya ukimwi siku hizi, wanashauriwa waimeze saa mbili kabla ya dawa nyeupe au wangoje saa sita baada yake. Hebu fikiria mtu anayetunza dozi yake kwa bidii mwaka mzima, kisha anaivuruga kwa chupa ambayo hakuna aliyemwambia ni dawa.

Nataka niseme kwa nini ile 9.1 ilinikosesha usingizi kuliko kiungulia chenyewe. Sisi wa Likoni tuna bahari kati yetu na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ambayo iko kisiwani. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua kina mama kwa wingi nchini. Mama mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza kiasi akastahimili hadi afikishwe. Mwenye upungufu hana akiba. Kila jioni nikiwa kwenye feri nilianza kuhesabu dakika: za kupanga foleni, za kuvuka, za kupanda ule mlima wa kutokea kivukoni. Siku za nyuma nilikuwa nikizitumia dakika hizo kula viazi.

Basi yule muuguzi alinipangia ratiba, akaiandika nyuma ya kitabu kwa herufi kubwa kama anaandikia mtoto wa darasa la pili. Chai na mahamri saa moja asubuhi. Kidonge saa nne, kwa maji, na kipande cha embe nyuma yake, kwani vitamini iliyomo katika matunda husaidia chuma kuingia mwilini ilhali chai hukizuia. Dawa nyeupe ingoje usiku, saa moja hivi baada ya chakula, na tena wakati wa kulala ikiwa moto bado upo. Isipite kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yangu ilisema mililita 10 kwa mara moja.

Mililita 10 ni vijiko viwili vidogo, lakini vijiko vya nani? Nilivipanga mezani vijiko vya chai vya nyumbani kwetu nikavipima kwa kikombe cha dawa, na hakuna viwili vilivyolingana. Kimoja, cha zawadi ya harusi, kilikuwa karibu mara mbili ya chenzake. Tangu hapo natumia kile kikombe kidogo chenye mistari. Kikipotea, duka la dawa watakupa kingine au bomba la sindano lisilo na sindano.

Na chupa itikiswe! Hili naliandika kwa aibu kwa sababu limeandikwa kwenye kila chupa nami sikulisoma. Unga wa dawa hutuama chini. Nilipokuwa nikipiga mafunda bila kutikisa, wiki ya kwanza nilikunywa maji ya mnanaa, na wiki ya mwisho nikala chokaa. Sasa nilielewa kwa nini kila chupa ilipokaribia kwisha tumbo lilikuwa likinivuruga. Magnesi ikizidi huharisha, na alumini ikizidi hufunga choo. Pia mdomo wangu haukuwa na kazi kwenye mdomo wa chupa, maana mate hupeleka vijidudu ndani.

Dawa hizi kwa kipimo chake hazina ubaya kwa waja wazito walio wengi, mradi kliniki waambiwe. Wenye ugonjwa wa figo ndio wasizikaribie bila daktari, kwa kuwa figo zikichoka haziwezi kuyatoa madini hayo nayo yakarundikana mwilini.

Hapo nikamgeukia mama mkwe. Mkamwana kumhoji mama mkwe juu ya tumbo lake si jambo la kufanya ukiwa umesimama, kwa hivyo niliketi mkekani nikamsaidia kuchambua mchicha. Alikuwa na kiungulia chake cha miaka, na dawa yake ilikuwa unga wa soda katika glasi ya maji, uchemke, anywe, acheue, amshukuru Mungu. Lakini yeye ana shinikizo la damu, na soda ile imejaa chumvichumvi ya sodiamu ambayo daktari wake alikuwa amemkataza katika chakula. Tena alikuwa akimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, dawa ambayo ikizoelewa huchubua tumbo hadi likapata vidonda. Dawa moja ilikuwa ikimchoma, nyingine ikimficha kwamba anachomwa.

"Mama, choo chako kikoje?" nikamuuliza, macho kwenye mchicha.

Alinyamaza. Kisha akacheka. "Mwanangu, mimba imekupa ujasiri."

Choo chake kilikuwa salama, tunashukuru. Kingekuwa cheusi kama lami na chenye uvundo, ilhali hamezi vidonge vya damu, hiyo ingekuwa damu inayovuja tumboni na tungevuka feri usiku huo huo. Vivyo hivyo kutapika damu, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu, au maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi na taya, ambayo watu hudhani ni kiungulia kumbe ni moyo. Na mtu yeyote ambaye wiki mbili zinapita akiwa bado anahitaji chupa, aende apimwe. Huenda ana kile kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori kinachosababisha vidonda. Daktari Barry Marshall wa Australia alikinywa makusudi mwaka wa 1984 ili awaonyeshe wenzake madhara yake, na mwaka wa 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho kinatibika kwa dawa za kukiua. Mama mkwe alikwenda kupimwa kwa shingo upande. Alibadilishiwa dawa ya magoti, na soda ikarudi jikoni kwa maandazi.

Mimi nilifuata ratiba ya nyuma ya kitabu. Viazi karai niliviacha, jambo ambalo lilihitaji ujasiri kuliko yote, nikawa nala chakula cha jioni mapema na kidogo, na mume wangu akainua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili. Baada ya wiki sita damu ilikuwa 10.4. Nilipoingia uchungu ilikuwa 11.2. Nilijifungua salama huku huku bara, sikuongezwa damu, na feri sikuihitaji.

Mtoto alikuja na nywele hadi shingoni. Wauguzi waliitana waje wamtazame. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwafuatilia waja wazito 64 wakitaka kuonyesha kuwa imani ya nywele na kiungulia ni hekaya, na katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 2006, kati ya wanawake 28 waliosumbuliwa sana na kiungulia, 23 walizaa watoto wenye nywele za wastani au nyingi. Huenda homoni zinazolegeza ule mlango wa tumbo ndizo pia zinazootesha nywele za mtoto. Sikumwambia mama mkwe habari hizo. Hakuzihitaji. Siku ile tuliporudi nyumbani nilikuwa nimelala chumbani nikamsikia ukumbini akiwaeleza majirani, mtoto yuko mapajani mwake, kwamba chupa zote zile nilizokunywa zilikuwa hasara tupu, yeye alikuwa ameshaniambia ugonjwa wenyewe ni nini tangu usiku wa kwanza.