Sahani Iliyojaa na Mwili Wenye Njaa

Mimi ni mwalimu, nami leo naungama kosa langu mbele yenu, ili wazazi wengine wasilirudie.

Nyumbani mwangu alikaa binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 16. Chakula hatukukikosa: ugali, sombe, maharagwe, pengine samaki. Lakini yeye alionja matonge mawili, akaisukuma sahani. Aliogopa kunenepa, ingawa mbavu zake zilihesabika. Akila zaidi, alikwenda nyuma ya nyumba akajitapisha. Nikamgombeza: «Unamdharau mama yako aliyepika!» Akajibu polepole: «Baba mdogo, si dharau. Chakula kinanitia hofu.» Sikumsadiki.

Siku moja akaanza kuyumba kama mlevi. Macho yake yalichezacheza, wala hakujua ni siku gani. Tukamkimbiza hospitalini. Mimi nikaleta ugali mwingi na chupa ya soda, nikidhani nguvu zitarudi upesi. Mganga akanizuia. Kwanza alimchoma sindano ya vitamini B1.

Kisha akanifundisha. Mwili hutumia vitamini hiyo kugeuza sukari na wanga kuwa nguvu, lakini akiba yake hudumu majuma mawili au matatu tu. Asiyekula, au anayetapika kila mara, huimaliza. Akishindiliwa chakula ghafula, kile kidogo kilichobaki huisha pia, na ubongo huumia. Ugonjwa huo ulielezwa na mganga Mjerumani, Carl Wernicke, mwaka 1881. Wengi hudhani huwapata walevi peke yao. Kumbe humpata hata binti asiyeonja pombe. Kwa hiyo aliyeshinda na njaa muda mrefu hulishwa kidogo kidogo, chini ya macho ya mganga.

Baada ya siku chache macho yake yalitulia. Miguu ilikawia majuma kadhaa. Hofu ya chakula ndiyo iliyokawia kupita yote: ilitaka miezi ya mazungumzo na subira, kwake na kwangu.

Enyi wazazi, mtoto akikataa chakula siku baada ya siku, msikimbilie kumwita mwenye kiburi, wala msitafute aliyemloga. Mwulizeni kwa upole, msadikini, mpelekeni kwa mganga mapema. Binti yetu alikuwa ameniambia ugonjwa wake kwa maneno machache, nami mwalimu sikujua kusikiliza.