Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya kazi yangu tangu nilipomaliza masomo shuleni hapa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa hapa Uganda, na neno ninalotaka kulieleza ni hili: jinsi katuni zinavyoweza kumtia kijana hamu ya kusoma. Najua wako watakaocheka. Nawaomba wasome kwanza mpaka mwisho, ndipo wacheke.

Taabu yetu mnaijua. Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa wengi wetu. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, lakini uamuzi peke yake haumfundishi mtu kusoma. Darasani mwangu kitabu kimoja cha hadithi kilikuwa kikisomwa na wanafunzi watano, na aliyejua kidogo kuliko wote ndiye aliyekaa pembeni, asiuone ukurasa. Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili alizoea kuomba ruhusa ya kutoka nje kila ilipokaribia zamu yake ya kusoma kwa sauti. Halafu akaanza kukosa vipindi vyangu, na baadaye akawa hafiki shuleni siku nzima. Baba yake alikuwa amekwisha kusema kwamba mambo yakiendelea hivyo, mwaka utakaofuata hatalipa karo.

Basi ninaye ndugu yangu ambaye ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Yeye huniletea magazeti ya Taifa Leo yaliyokwisha kusomwa. Humo nilimkuta Juha Kalulu, yule mtu wa vituko aliyechorwa kwa miaka mingi na Edward Gitau wa Kenya. Nilizikata katuni zile, nikazibandika juu ya karatasi ngumu, nikawagawia wanafunzi, kila mmoja yake.

Sikuwaambia wasome. Niliyafunika maneno kwa vipande vya karatasi, nikawataka wanieleze yaliyotokea. Ili waelewe kazi yenyewe, nilichora mfano ubaoni: katika picha ya kwanza mtu anamwinulia mbwa fimbo, katika picha ya pili mtu yule yuko juu ya mwembe, na fimbo iko chini. Kati ya picha hizo mbili hapana kitu ila nafasi nyeupe, na nafasi ile ni kazi ya msomaji kuijaza. Wakaijaza: mbwa akabweka, mtu akaitupa fimbo, akakimbia, akauparamia mti. Ile “-ka-” niliyoihubiri muhula mzima waliitamka wenyewe bila kuambiwa.

Baadaye waliandika maneno waliyodhani kila mtu katika katuni anayasema, kisha wakafunua na kulinganisha. Kicheko kilikuwa kikubwa. Mwisho waliigeuza katuni kuwa habari ya kawaida, usemi halisi ukawa usemi wa taarifa. Tena walijifunza kwamba mtu huanguka pu, jiwe hutumbukia majini chubwi, na tawi hukatika kacha. Mambo ambayo kitabu chetu cha sarufi kimeyaweka kurasa za mwisho, nasi hatufiki huko.

Yule mvulana siku ile alikuwapo, wala hakuomba kutoka. Alikuwa na karatasi yake mwenyewe, maneno yalikuwa machache, na alipopotea, picha ilimrudisha njiani. Akaimaliza, akaomba nyingine. Asiyewahi kumaliza kitu kusoma hajui kwamba anaweza. Akimaliza kimoja huthubutu kuanza cha pili.

Mwalimu mwenzangu mmoja alinionya kwamba nawazoeza watoto uvivu. Lawama hiyo si ngeni. Mwaka 1954 huko Marekani, daktari Fredric Wertham alitoa kitabu akisema kwamba katuni zinawaharibu watoto. Baraza la Seneti likafanya vikao juu ya jambo hilo, na wachapaji wakajiwekea kanuni kali. Lakini katika nchi ile ile, mwaka 1992, Art Spiegelman alipewa tuzo ya Pulitzer kwa Maus, kitabu cha picha kinachosimulia jinsi baba yake alivyookoka katika kambi za mateso za Ujerumani. Nasi Waafrika tunao wetu. Tangu 2005 Marguerite Abouet wa Ivory Coast ametupa hadithi za Aya, msichana wa Abidjan. Na Barly Baruti wa Kongo alichora Madame Livingstone, kitabu cha 2014 juu ya Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika. Mvivu hawezi kazi hiyo.

Hata hivyo mwenzangu alikuwa na haki katika jambo moja. Mtu aweza kuzitazama picha na kuyaacha maneno. Ndiyo sababu hakuna anayepewa katuni ya pili kabla hajaniandikia habari ya ile ya kwanza. Na wakinijia na Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010 na ambayo imejaa Sheng, wataisoma, lakini wataiandika upya kwa Kiswahili cha mtihani.

Muhula uliofuata nilimpa mvulana yule Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu chembamba kilichotoka 1951, kisicho na mchezo. Alikaa nacho wiki tano. Alipokirudisha alilalamika kwamba maneno mengi yalimshinda, kisha akaniuliza mbona Karama alisema maneno marefu hivyo na roho yake iko hatarini. Nilifurahi sana, kwa maana hilo ni swali la mtu aliyesoma. Leo yuko Kidato cha Tatu, na karo imelipwa. Husoma polepole bado, lakini husoma zamu yake.

Ninyi mliokwisha kutoka shuleni, mlio Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, nawaomba jambo dogo. Magazeti yenu ya Kiswahili, kabla hayajafungiwa maandazi, kateni katuni mzipeleke katika shule iliyo karibu nanyi. Na ninyi wanafunzi, msione haya kuanzia hapo. Mwanzo wa ngoma ni lele.