Nyuki wa Raskazone

Leo nina dukuduku, na linahusu katuni. Msicheke kwanza.

Novemba 2024 Vita vya Tanga vilitimiza miaka 110. Shuleni tulivipitia mbiombio, kwa hiyo nikumbushe: tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika hapa Tanga, zikashusha askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, pale Raskazone. Upande wa pili, Wajerumani na askari wao Waafrika chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 tu, wengine wameletwa haraka kwa treni kutoka upande wa Moshi. Kazi kubwa ilikuwa tarehe 4. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, nyuma wameacha bunduki na risasi chungu nzima. Katikati ya hayo risasi zilichokoza mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka. Ndiyo maana kuna wanaoviita Vita vya Nyuki.

Sasa mtu wa magazeti akiona kitu kama hicho anatulia kweli? Nikamwendea mhariri na wazo la katuni ya kurasa nne, ukurasa mmoja kila Jumamosi, wa mwisho utoke wiki ya kumbukumbu. Akakubali, tena bila kunizungusha. Mchoraji nilikuwa naye tayari, rafiki yangu tangu sekondari, anakaa Ngamiani, kazi yake ya kila siku ni kuandika mabango ya maduka. Jina nalihifadhi.

Ukurasa wa kwanza ulifika Alhamisi usiku kama tulivyokubaliana. Jamani, jamaa anachora! Wa pili ulichelewa wiki nzima. Wa tatu haukufika kabisa, nafasi yake ikajazwa na tangazo la mabati. Kwenye kikao nikaulizwa, "Huyo mtu wako vipi?" Nikajibu tukate. Ni mimi niliyesema, si mhariri. Rafiki yangu nikamwambia ni uamuzi wa ofisi.

Siku chache baadaye nilikwenda kwake, nikaukuta ukurasa wa tatu mezani. Alikuwa amekwama kwenye moshi. Kumbe katika kusoma kwake aligundua kwamba askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za kizamani, za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Ukifyatua risasi moja unatoa wingu la moshi, na adui anajua ulipo. Yeye kwenye kurasa mbili za mwanzo alikuwa amechora bunduki safi, hazina hata mvuke. Alitaka kurekebisha kila fremu.

Hapo nilinyamaza. Moshi ule si pambo. Askari aliyefyatua risasi halafu akajua ameonekana, huyo ndiye hadithi yenyewe. Mimi niliyesoma habari za vita vile mara kadhaa sikuwahi kumfikiria.

Lakini (na hili nalo nalisema) ukurasa huohuo ulikuwa na minazi, na jamaa alikuwa amechora kila ukuti. Siku tatu za makuti! Nikamuuliza, "Mwanangu, haya nayo ni historia?" Akacheka, akasema makuti yanampumzisha.

Nimekua nikisoma nakala kuukuu za Sani alizotunza mjomba wangu. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe. Angalia picha zile vizuri: mistari michache, pua kubwa, mara nyingi nyuma ya mhusika hakuna kitu, karatasi nyeupe. Zamani nilidhani ni uvivu. Siku hizi naona kalenda ndani yake, mtu anayejua kesho na keshokutwa atadaiwa picha nyingine. Panya wa Masoud Kipanya naye ni mistari michache na ujumbe unafika. Halafu yupo Gado, Mtanzania mwenzetu aliyejiunga na Nation ya Nairobi mwaka 1992, aliyeweza kujaza picha vitu hadi pembeni na bado akawahi gazeti la kesho. Watu kama huyo ni wachache, na si haki kuwapimia wengine kwao.

Kwingine wanaowahi wana wasaidizi. Oda wa Japani amekuwa akitoa One Piece kwenye gazeti la kila wiki tangu 1997, lakini ana vijana wa kumchorea mandhari. Hergé wa Tintin alifungua studio nzima mwaka 1950. Rafiki yangu ana meza moja, umeme wa kubahatisha na malipo yanayokuja ukurasa ukishachapwa. Usipochapwa, hakuna kitu.

Wanaotaka kuchora kila kitu peke yao huenda kwenye vitabu. Joe Sacco, mwandishi wa habari kama mimi ila anajua kuchora, alitumia miaka kwenye kitabu chake cha Gaza kilichotoka 2009. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, aliichora vita hiihii ya kwanza upande wa Ziwa Tanganyika katika Madame Livingstone, 2014, nacho ni kitabu. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa langu: nilimpa mtu wa kitabu nafasi ya Jumamosi.

Na bado sitaki kumsafisha kabisa. Pale ninapokunywa kahawa kuna mzee mmoja alikuwa ananisubiri kila Jumamosi. "Mwanangu, ile hadithi ya nyuki imeishia wapi?" Mara ya kwanza nikasema wiki ijayo. Mara ya pili nikasema wiki ijayo. Mara ya tatu mzee hakuuliza tena, akaniagizia kahawa tukaongea habari za Coastal Union. Iliniuma kuliko kikao.

Juzi nikarudi Ngamiani. Nilimwambia ukweli kwamba mimi ndiye niliyesema tukate. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani ataniambia nitoke. Akasema, "Ungeniambia tu nichore makuti machache." Halafu umeme ukakatika.

Alikuwa kwenye ukurasa wa nne, ambao hakuna gazeti linaousubiri. Anachora nyuki, mmoja mmoja, na mbawa zao. Nikamshikia tochi ya simu hadi chaji ikaisha.