Macho Hayana Pazia

Waswahili husema macho hayana pazia. Nilianza kuitafakari methali hiyo nilipopewa kazi ya kumchagulia mjomba wangu ziara ya kupiga picha nchini Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya. Mjomba hupiga picha za harusi mjini Kampala. Kwa miaka mingi ameweka akiba ili siku moja apumzike na keki na shela, akapige picha za kitu alichokichagua mwenyewe. Aliniletea mipango ya kampuni tatu. Ya kwanza ilichukua watu 16, ya pili watu kumi, ya tatu watu sita. Hiyo ya watu sita ndiyo iliyokuwa ghali zaidi.

"Mwanangu, mlima si ni uleule?" aliniuliza. "Kwa nini nilipe zaidi?"

Nilianza na hesabu. Bhutan ilianza kupokea watalii mwaka 1974, na tangu hapo imependelea wageni wachache wanaolipa vizuri kuliko wengi wanaolipa kidogo. Mgeni hutozwa ada ya maendeleo endelevu kwa kila usiku anaolala nchini. Ada hiyo ilikuwa dola 65 za Marekani kabla ya janga la korona, ikapanda hadi 200 mwezi Septemba 2022, kisha ikashushwa hadi 100 mwezi Septemba 2023. Fedha hizo huenda serikalini na kusaidia mambo kama afya, elimu na utunzaji wa mazingira. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mjomba, usiku kumi ungekuwa dola 1,000, awe na wenzake watano au kumi na watano. Kwa hiyo tofauti ya bei haikutokana na ada. Ilitokana na idadi ya watu wanaogawana gari, mwongozaji na mwalimu wa picha, na idadi ya siku.

Nikageukia ratiba. Mpango wa watu 16 ulipita Paro, Thimphu na Punakha kwa haraka kama basi lililochelewa. Zote tatu zilikuwa na siku ya kupanda Taktsang, nyumba ya watawa iliyojengwa mwaka 1692 kwenye jabali, takriban mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Mgeni haruhusiwi kuingia ndani na kamera, huiacha mlangoni. Picha yenyewe hupigwa kutoka ng'ambo ya bonde, na mwanga haumsubiri mtu. Kundi kubwa hupanda kwa mwendo wa aliyechoka kuliko wote.

Kisha kuna sherehe za tshechu, ambapo watawa na watu wa kawaida hucheza ngoma wakiwa wamevaa vinyago. Kwa mgeni hayo ni maonyesho. Kwa mwenyeji ni ibada, na kuitazama tu huleta baraka. Nikawaza watu 16 wamesimama mstari wa mbele na kamera zao, na nyuma yao bibi kizee aliyetoka kijijini alfajiri, akichungulia kati ya mabega yao.

Hata hivyo, kilichonifanya niukatae kabisa mpango ule ni sentensi moja: watawa wadogo watapangwa dirishani kwa ajili ya wapiga picha.

Mimi nimezaliwa Kisoro, chini ya milima ya volkano. Wageni huja kwetu kuwatazama sokwe wa milimani. Kwa sokwe kuna sheria: wageni wasiozidi wanane kwa familia moja, kwa muda wa saa moja, na wasiwakaribie. Kwa sisi watoto wa kando ya barabara hapakuwa na sheria yoyote. Magari yalisimama, vioo vikashuka, lenzi zikachomoza. Tuliambiwa turuke, tucheke, tupunge mikono. Rafiki yangu mmoja aliambiwa avue viatu ili picha ipendeze. Viatu hivyo mama yake alikuwa amemnunulia wiki ileile.

Nilimsimulia mjomba kisa hicho. Akanyamaza.

Tukaandikia kampuni ya tatu. Tuliuliza mwongozaji wao ni nani, kama huomba ruhusa kabla ya picha, na kundi hukaa mahali pamoja kwa muda gani. Walijibu kwamba mwongozaji ni Mbhutani, kwamba mtu akikataa kupigwa picha kamera hushushwa, na kwamba wanalala usiku tatu katika bonde la Phobjikha. Huko, majira ya baridi, hufika korongo wenye shingo nyeusi kutoka Tibet, na mpiga picha hukaa mbali na kinamasi wanamolala. Sisi ambao korongo wetu yuko kwenye bendera ya taifa tulilielewa jibu hilo bila kufafanuliwa.

Lakini tofauti ya bei ilikuwa sawa na malipo ya harusi tano. Mjomba angelazimika kusubiri mwaka mmoja zaidi, tena bila ile lenzi mpya aliyoitamani.

"Na nikifika huko, kila mtu akanikatalia picha?" aliuliza.

"Basi, Mjomba, utakuwa umewaona kwa macho."

Alicheka, kisha akasema macho yake hayauziki kwa wateja. Siku mbili baadaye alilipa malipo ya awali ya ziara ya watu sita, Novemba ya mwaka ujao. Kwenye mkoba wa kamera amebandika karatasi yenye maneno mawili ya Kidzongkha: *kuzuzangpo la*, yaani salamu, na *kadrinche la*, yaani asante. Neno la kuomba ruhusa amesema atamwuliza mwongozaji siku ya kwanza, kabla hajafungua mkoba.