Kiingereza cha Sinema

Nilipokuwa mwanafunzi Mombasa, nilidhani Kiingereza bora ni kile cha wachunga ng'ombe wa Marekani. Nilitazama High Noon, filamu ya mwaka 1952, na nyingine za namna ile. Kisha nikaandika insha. Palipotakiwa “going to” nilitia “gonna”. Daftari lilirudi jekundu kama limechinjiwa kuku. Nilifadhaika, maana sikuzua neno hata moja. Yote niliyasikia kwa masikio yangu.

Mwalimu hakunikemea. Aliniuliza, “Ukimwita mwenzio barazani, wasemaje?” Nikajibu, “Ndoo,” kama asemavyo kila mtu wa Mji wa Kale. “Na katika barua?” Nikasema, “Njoo.” Akanirudishia daftari.

Tangu hapo nilitazama sinema kwa sikio jingine. Mchezaji husema maneno mawili, na jicho na mkono humaliza yaliyosalia. Insha yangu haikuwa na jicho wala mkono. Tena, ajabu, maneno yale ya filamu yaliandikwa kwanza na mtu aliyeketi mezani, akayavunja makusudi ili yasikike kama ya barazani.