Siku ya Kwanza Penye Mapipa ya Nili



Mwezi uliopita tulimsindikiza mjukuu wetu kusini mwa London, kwenye karakana ndogo inayotia vitambaa rangi za asili na kushona nguo. Ameanza uanagenzi wa miezi sita. Malipo yake ni nauli na chakula cha mchana tu. Baba yake alitaka asomee uhasibu, na sisi, tuseme kweli, tulikuwa upande wa baba yake.

Tulishuka stesheni ya Colliers Wood tukafuata mto Wandle. Ni mto mdogo, lakini kwa karne nyingi uliendesha vinu na kusafisha vitambaa, na gurudumu la maji la kiwanda kimoja cha zamani lingalipo. Hapo Merton ndipo William Morris alipohamishia karakana zake mwaka 1881, akaendelea kutumia nili na mizizi wakati wengine walikwisha geukia rangi za kemikali. Nazo hizo zilianzia London: mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, akaambulia rangi ya zambarau.

Ndani ya karakana tulipokewa na harufu ya maganda ya vitunguu yaliyochemshwa. Rafuni palikuwa na maganda ya komamanga, manjano, na shabu, ile ile waliyokuwa wakitupaka vinyozi wetu baada ya wembe. Fundi, mama wa Kiingereza, alitueleza kuwa shabu ndiyo inayoshikamanisha rangi na uzi: gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Manjano huingia upesi na jua huifuta upesi. Nili haihitaji shabu, bali subira. Haiyeyuki katika maji matupu, hivyo huachwa ichachuke mpaka hewa iishe pipani. Alichovya kitambaa mbele yetu. Kilitoka kijani, na kabla hatujamaliza kustaajabu, hewa ikakigeuza buluu.

Akatuuliza sisi twaziitaje rangi. Tukamhesabia: manjano, kijani, kahawia, zambarau, kijivu. Tulipoanza kumfasiria, tukaona kuwa tunamtajia kiungo cha jikoni, jani, kahawa, tunda na jivu. Miaka thelathini tuliwakaririsha watoto majina hayo darasani, wala hatukuwahi kuwaonyesha rangi ikitoka katika kitu chenyewe.

Siku hiyo mjukuu wetu hakugusa rangi. Alifua vitambaa vyeupe kutwa nzima, kuondoa mafuta na wanga. Jioni, njiani kurudi, akatuambia, “Babu, wamenifanya dobi.” Tukamjibu kwamba kitambaa kisichofuliwa vyema hupokea rangi kwa mabaka. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilituona haya. Ni sisi tuliozoea kuwaonya wanafunzi wetu kwamba asiyesoma ataishia kazi ya mikono, na mbele yetu wakiwa wameketi watoto wa mafundi cherehani na maseremala, waliolipiwa ada kwa mikono hiyo hiyo.

Wiki ya tatu alirudi na vidole vya buluu. Bibi yake akahofia udhu. Tukamkumbusha kuwa rangi iliyoingia ngozini, kama hina, haizuii maji. Kinachozuia ni kile kinachoganda juu ya ngozi kikafanya tabaka. Baba yake alivitazama vidole vile asiseme neno. Ijumaa iliyofuata akamletea binti yake shati jeupe lililofifia. “Hebu mwanangu, nitilie rangi hili,” akasema.

Hatujui kama mjukuu wetu atabaki katika ufundi huu au atarudi kwenye hesabu. Hayo ni ya Mwenyezi Mungu na ya juhudi yake. Lakini tunawasihi wazazi wenzetu: mtoto akichagua kazi msiyoijua, kabla ya kumkataza, msindikizeni siku moja mkaione.